Maji ya Mara na Bei ya Msitu wa Mau

Darajani Kirumi, wilayani Butiama, Tanzania, msimu wa mvua Mto Mara hupita ukiwa na rangi ya udongo, mafunjo yakiwa yameuzingira huku na huku. Udongo huo umesafiri. Mto unaanzia kwenye milima ya Mau, Kenya, na baada ya kilomita 395 hivi humwaga maji Ziwa Victoria, karibu na Musoma.

Kwa miongo mingi msitu wa Mau ulithaminiwa kwa mbao, makaa na mashamba tu. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliondoa hekta zaidi ya 60,000 za msitu huo kwenye hifadhi na kugawa ardhi. Faida ilibaki juu mlimani. Hasara ikateremka na mto. Msitu hunyonya mvua na kuiachia polepole. Ukikatwa, masika huleta mafuriko na tope, na kiangazi mto husinyaa.

Kinachostahili kuhesabiwa ni hiki: kiangazi kikikaza, Mara ndio mto usiokauka unaotegemewa na nyumbu wa kaskazini mwa Serengeti. Utalii wa Hifadhi ya Serengeti umeegemea msitu ulio nchi nyingine.

Tangu 2012, kila Septemba 15, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Ni hatua njema. Lakini mkulima wa Mau anayeacha miti yake isimame bado anastahili malipo, na sehemu ya malipo hayo ingetoka kwenye mapato ya utalii.