Simfoni za Nyuzi za Sammartini

Kabla mtunzi Haydn hajaandika simfoni hata moja, Giovanni Battista Sammartini alikwishaanza kuzitunga mjini Milan, Italia, katika miaka ya 1730. Nyingi za mwanzo ni za nyuzi tupu: fidla za kwanza na za pili, viola na besi. Kwa kawaida zina sehemu tatu: ya haraka, ya taratibu, kisha ya haraka tena.

Sikiliza fidla za pili. Hazizifuati za kwanza kama kivuli. Huidaka kauli, huijibu, hata kuipinga. Ndiyo sababu simfoni hizi zinafaa sana kwa orkestra za shule: ni fupi, kundi dogo linatosha, na kila mpigaji ana la kusema.

Mtunzi Gluck alisoma kwa Sammartini. Sammartini alifariki Milan mwaka 1775.