Udaku Ulioandikwa na Serikali: Kisa cha Jean Seberg

Kuna picha moja ya zamani ambayo wengi wenu mmeiona hata kama hamjui ilitoka wapi. Msichana mwenye nywele fupi kama za mvulana, fulana nyeupe iliyoandikwa New York Herald Tribune kifuani, anatembea barabarani Paris akiuza magazeti. Watu wa fasheni huiposti kila mara, na kusema ukweli inakaa poa. Msichana huyo ni Jean Seberg, na ukimtafuta leo utaambiwa haraka haraka kwamba alikuwa mwigizaji wa Marekani mwenye "maisha yaliyojaa matatizo."

Hilo neno "matatizo" ndilo lina shida kwangu. Linafanya ionekane kama mtu alizaliwa nayo, kama alama ya ngozi. Lakini ukisoma kisa cha Seberg polepole, unakuta matatizo yake mengi yana tarehe, yana anwani, na mengine yana muhuri wa ofisi ya serikali. Kwa hivyo leo sikuja kuwapigia stori ya mrembo aliyejiharibia maisha. Tuulize nani alimharibia.

Tuanze mwanzo. Jean alizaliwa tarehe 13 Novemba 1938, Marshalltown, mji mdogo wa jimbo la Iowa. Babake alikuwa na duka la dawa. Akiwa na miaka 14 tu, msichana mzungu katika mji wa wazungu, alijiunga na NAACP, chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi. Shika hiyo vizuri, kwa sababu baadaye kuna watakaosema alitafuta kiki tu kwa kuwaunga mkono weusi. Msichana wa miaka 14 wa Iowa mapema miaka ya 50 hakuwa na kiki ya kutafuta huko.

Mwaka wa 1956, mwongozaji Otto Preminger alikuwa anatafuta sura mpya ya kuigiza Joan wa Arc, yule msichana wa Ufaransa aliyechomwa moto hadharani. Waliojitokeza walikuwa kama 18,000. Akachaguliwa Jean, miaka 17, ambaye hakuwa ameigiza filamu hata moja. Filamu ya Saint Joan ilitoka 1957 na wahakiki wakamrarua. Tena wakati wa kupiga picha za kuchomwa, moto ulilipuka kwa bahati mbaya na akaungua kweli. Huyo ndiye Hollywood aliyomkaribisha nayo: kelele za mwongozaji, makovu tumboni, na magazeti yakisema hafai.

Preminger akampa nafasi ya pili, Bonjour Tristesse mwaka wa 1958. Wamarekani hawakubambika sana. Lakini Paris kulikuwa na vijana waliokuwa wakitazama filamu kwa jicho lingine, na mmoja wao, Jean-Luc Godard, akamwita kwenye filamu yake ndefu ya kwanza. À bout de souffle ilitoka 1960, na ndiyo iliyo na ile fulana. Bajeti ndogo, kamera mkononi, wapita njia wa kawaida nyuma yao. Ikabadilisha jinsi dunia inavyotengeneza filamu. Jean, aliyeambiwa kwao hajui kuigiza, akawa uso wa kizazi kizima Ufaransa.

Aliolewa na mwandishi Romain Gary mwaka wa 1962 na wakapata mtoto wa kiume. Akaigiza Lilith, iliyotoka 1964, ambayo hata wakosoaji wake walikubali kwamba hapo alitisha. Mwishoni mwa miaka ya 60 alirudi Hollywood kwa kazi kubwa kubwa: Paint Your Wagon ya 1969 na Airport ya 1970, ambayo ilijaza majumba ya sinema. Yaani alikuwa amefika.

Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu alikuwa na doo na alikuwa na msimamo.

Wakati huo kundi la Black Panther lilikuwa limeanza kutoa chakula cha asubuhi bure kwa watoto wa mitaa maskini, kuanzia Oakland mwaka wa 1969. Lilikuwa pia linabeba bunduki na kuwaangalia polisi machoni. J. Edgar Hoover, mkubwa wa FBI, alitangaza kwamba Panthers ndio tishio kubwa kuliko yote kwa usalama wa ndani wa nchi. Shirika lake lilikuwa na mpango wa siri uitwao COINTELPRO. Kazi yake haikuwa kukamata wahalifu. Kazi yake ilikuwa kuvuruga: kuandika barua za uongo, kuchonganisha marafiki, kuchafua majina, kuvunja ndoa. Mwezi wa Desemba 1969, polisi wa Chicago walimuua Fred Hampton, kiongozi wa Panthers mwenye miaka 21, akiwa kitandani kwake. Hayo ndiyo mazingira. Si mchezo.

Jean alikuwa anachangia pesa. Kwa hesabu ya FBI wenyewe, alikuwa amewapa Panthers kama dola 10,500. Makachero wakaanza kumfuata na kusikiliza simu. Kupitia simu hizo wakajua ana mimba.

Mwezi wa Aprili 1970, ofisi ya FBI ya Los Angeles iliomba ruhusa makao makuu: tueneze uvumi kwamba mtoto ni wa kiongozi mmoja wa Black Panther. Mbinu ilikuwa barua kwa waandishi wa udaku wa Hollywood, iandikwe kana kwamba imetoka kwa mtu wa kawaida tu anayemfahamu Jean. Lengo lililoandikwa wazi lilikuwa kumwaibisha na kushusha thamani yake mbele ya umma. Makao makuu yalijibu mapema Mei. Hawakusema, jamani, huyu ni mwanamke mjamzito, tumuache. Walishauri kusubiri kama miezi miwili, hadi tumbo lionekane na kila mtu, ili isijulikane kwamba habari ilitoka kwenye simu zilizosikilizwa.

Soma hiyo tena. Watu wazima wenye suti na mshahara wa serikali walikaa wakajadili ukubwa wa tumbo la mama kama vile watu wanavyojadili wakati mzuri wa kuvuna mahindi.

Haikufika miezi miwili. Tarehe 19 Mei 1970, uongo uleule ulitokea kwenye safu ya udaku ya Los Angeles Times. Hakutajwa jina, aliitwa tu "Miss A", lakini dalili zilikuwa nyingi kiasi kwamba mtu yeyote anayefuata filamu angemjua. Mnajua mchezo huo. Ni uleule wa "mwigizaji fulani wa kike, herufi ya kwanza fulani, msiseme nimewaambia." Mwezi wa Agosti, jarida la Newsweek likaacha mafumbo na kumtaja kwa jina.

Na hapa kuna kitu ambacho naona watu wengi hukipita haraka. Uongo huo ulikuwa na nguvu kwa sababu ulikuwa umechanganywa na ukweli kidogo. Mimba ilikuwepo kweli. Ndoa yake na Gary ilikuwa imeshavunjika, na baba wa mtoto hakuwa Gary wala mtu wa Panthers. Alikuwa kijana aliyekutana naye akiigiza filamu Mexico. Sasa jiulize: angejitetea vipi? Akikana hadharani, angelazimika kuanika jambo lingine ambalo halikumhusu mtu yeyote. Akinyamaza, ni kama amekubali. Gary alijitokeza kusema mtoto ni wake, ili kumlinda. Ndivyo uongo mzuri unavyotengenezwa: unamfungia mtu ndani ya chumba chenye milango miwili, na yote miwili inaelekea kwenye aibu.

Jean alijifungua kabla ya wakati, tarehe 23 Agosti 1970, huko Uswisi. Mtoto wa kike, akaitwa Nina. Aliishi siku mbili.

Alimpeleka mtoto kumzika nyumbani, Marshalltown. Na jeneza likaachwa wazi, ili watu wa mji na waandishi wa habari waone kwa macho yao kwamba mtoto ni mweupe.

Mimi sehemu hii inanishika koo kila nikiifikiria, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wazi: hakuna mama anayepaswa kutumia maiti ya mwanawe kama ushahidi. Ya pili ni chungu zaidi. Mwanamke huyu alikuwa ametumia karibu maisha yake yote, tangu miaka 14, akisema hakuna aibu yoyote katika weusi. Lakini mtego ulitengenezwa hivi kwamba, ili asafishe jina lake, ilibidi aithibitishie dunia kwamba mwanawe hakuwa mweusi. Uvumi ule usingeuma mahali popote ambapo mtoto mwenye baba mweusi ni mtoto tu. Makachero hawakuuvumbua ubaguzi wa Marekani, walijua tu wapi pa kuuchokoza.

Yeye na Gary waliishtaki Newsweek Ufaransa na wakashinda. Fidia ilikuwa kama dola 10,800. Linganisha na zile dola 10,500 alizochangia Panthers. Yaani bei ya kumchafua na bei ya kulisha watoto ilikaribiana. Na FBI? Wakati huo hakuna aliyejua kuhusu mkono wao.

Baada ya hapo hakupata tena kazi kubwa Hollywood. Aliendelea kuigiza Ulaya, akaolewa tena, akanywa pombe, akatumia dawa, akaingia na kutoka hospitalini. Gary alisema kwamba karibu kila mwaka, siku za kumbukumbu ya kifo cha Nina zikifika, alijaribu kujiua. Aliwaambia watu kwamba anafuatwa, kwamba simu zake zinasikilizwa. Wengi walimhurumia, wakaona akili imeanza kuteleza. Kumbe alikuwa amefuatwa kweli, na simu zilikuwa zimesikilizwa kweli. Hebu fikiria kuishi hivyo: unasema ukweli, na ukweli wenyewe ndio dalili yako ya ugonjwa.

Mwisho wa Agosti 1979 alipotea Paris. Tarehe 8 Septemba walimkuta amefariki ndani ya gari lake, limeegeshwa si mbali na nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 40. Polisi waliona huenda alijiua. Alizikwa kwenye makaburi ya Montparnasse.

Siku chache tu baada ya hapo, Gary aliwakusanya waandishi wa habari akainyooshea FBI kidole. Na mwezi huohuo FBI wakakiri: ndiyo, mpango wa kueneza uvumi ule ulikuwepo, nyaraka ndizo hizi. Wakasema siku za mambo kama hayo zimepita. Miaka tisa baada ya Nina. Hakuna kachero aliyefungwa kwa ajili yake. Gary naye alijiua Desemba 1980.

Sasa niseme ukweli wote, nisije nikawa kama wale wa safu ya udaku. Sisemi FBI ndio chanzo cha kila chozi la Jean Seberg. Alikuwa na huzuni zake kabla ya 1970. Hollywood ilimkanyaga akiwa bado mtoto. Lakini mtu akiwa na kidonda, halafu wewe ukakitia chumvi kwa makusudi, huwezi kusimama mahakamani ukasema alikuwa na ngozi dhaifu.

Ndiyo maana sitaki tumwite "mwigizaji mwenye matatizo" tukaishia hapo. Neno hilo linawapa nafuu watu wasiostahili. Linamsahau aliyeandika memo, aliyeidhinisha, mhariri aliyechapisha bila kumpigia simu mhusika, na pia msomaji aliyenunua gazeti, akacheka na kumsimulia jirani. Bila huyo wa mwisho mpango wote ungebaki karatasi kwenye faili.

Na huyo wa mwisho ndiye sisi. Leo haihitajiki barua ya posta wala mwandishi wa safu. Inahitajika picha moja ya simu, akaunti isiyo na jina, na watu elfu kumi wenye dole gumba lisilo na kazi. Mimi najiuliza maswali matatu kabla ya kusambaza stori ya mtu: Nani anafaidika ikienea? Kwa nini imetoka sasa? Na huyu mtu anaweza kujitetea bila kuvuliwa nguo? Jibu la swali la tatu likiwa hapana, mimi siisambazi.

Jean alijulikana duniani kwa kuuza magazeti kwenye filamu. Magazeti nayo yakamuuza. Ukiiona tena ile picha ya fulana, iposti tu, inakaa poa. Ila sasa unamjua jina lake, na la mwanawe pia. Aliitwa Nina.