Tuzo za Nobel za Mwaka wa 1945: Elimu Iponyayo na Elimu Iuayo

Leo nataka kuwasimulia habari za mwaka mmoja tu, nao ni mwaka wa 1945. Mwaka huo hujulikana zaidi kwa kuwa ndio uliomaliza Vita Kuu ya Pili. Lakini katika mwezi wake wa mwisho jambo jingine lilifanyika mjini Stockholm, katika nchi ya Uswidi, na mjini Oslo, katika nchi ya Norwei. Watu waliitwa mbele kuheshimiwa, si kwa ajili ya miji waliyoiteka, bali kwa ajili ya faida waliyowaletea wanadamu. Heshima hiyo ndiyo iitwayo Tuzo ya Nobel. Tukizitazama tuzo za mwaka huo moja moja, tutaona jambo kubwa juu ya elimu, na juu ya mikono inayoitumia.

Kwanza na tujue asili yake. Alfred Nobel alizaliwa Stockholm mwaka wa 1833. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baruti kali za kupasulia miamba. Mwaka wa 1864 karakana yao ililipuka, na ndugu yake mdogo, jina lake Emil, akafa pamoja na watu wengine. Hata hivyo Nobel hakuacha kazi. Alitafuta njia ya kuizuia baruti hiyo isilipuke ovyo, na mwaka wa 1867 akapata hati ya serikali kwa kitu alichokiita dinamiti. Kwa dinamiti watu walichimba migodi na kutoboa milima ili njia za reli zipite. Lakini ufundi huo huo wa baruti uliingia vitani ukaua watu. Moto upikao ugali ndio uunguzao nyumba.

Nobel alikuwa tajiri sana, wala hakuwa na mke wala mtoto. Tarehe 27 Novemba 1895, mjini Paris, alitia sahihi wasia wake. Aliagiza kwamba sehemu kubwa ya mali yake, zaidi ya krona milioni 31, iwekwe akiba, na faida yake igawanywe kila mwaka mafungu matano: la fizikia, la kemia, la utabibu, la fasihi na la amani. Wapewe wale waliowafaa wanadamu kupita wengine, wala taifa la mtu lisiangaliwe. Alikufa tarehe 10 Desemba 1896, na tangu mwaka wa 1901 tarehe hiyo ndiyo siku ya kutoa tuzo. Tuzo nne hutolewa Stockholm. Ile ya amani hutolewa Oslo, na kamati iliyochaguliwa na Bunge la Norwei.

Neno hilo la kutoangalia taifa lilijaribiwa sana na vita. Mwaka wa 1937 Hitler aliwakataza Wajerumani wote kupokea tuzo hizo. Mwezi wa Aprili 1940 majeshi yake yaliingia Norwei. Katika miaka ya 1940, 1941 na 1942 hapakutolewa tuzo hata moja. Basi mwaka wa 1945, amani iliporudi, watu wengi walitaka kujua ni nani watakaopewa.

Tuzo ya utabibu walipewa watu watatu pamoja. Wa kwanza ni Alexander Fleming, mtoto wa mkulima wa Uskoti, aliyefanya kazi katika Hospitali ya St Mary's mjini London. Mwezi wa Septemba 1928 alirudi kutoka likizo, akaona kwamba kisahani kimoja alichooteshea vijidudu vya maradhi kimeingiwa na ukungu, kama ule uotao juu ya mkate uliolala. Mtu mwingine angalikitupa. Yeye alikitazama sana, akaona kwamba vijidudu vilivyo karibu na ukungu vimekufa. Dawa iliyokuwamo akaiita penisilini. Lakini hakuweza kuitenga safi wala kuipata kwa wingi.

Ndipo walipokuja wale wawili wengine, ambao kwao Oxford ilikuwa ugenini. Howard Florey alitoka Australia. Ernst Chain alizaliwa Berlin. Naye kwa kuwa ni Myahudi, alikimbia Ujerumani mwaka wa 1933. Tarehe 25 Mei 1940 panya wanane walitiwa vijidudu vikali. Wanne walipewa penisilini, wanne hawakupewa. Kulipopambazuka, wale wanne wasiopewa walikuwa wamekufa, na wale waliopewa walikuwa hai. Mwezi wa Februari 1941 dawa ilijaribiwa kwa askari polisi mmoja aliyekuwa hoi kwa majipu na usaha. Akaanza kupata nafuu, hata akala chakula. Lakini dawa ilikuwa chache mno, ingawa waliikusanya tena kutoka katika mkojo wake na kumrudishia. Ilipokwisha, ugonjwa ulirudi naye akafa. Baadaye viwanda vya Marekani vilisaidia kuiongeza dawa hiyo, na majeshi ya washirika yalipovuka bahari kuingia Ufaransa mwezi wa Juni 1944, penisilini ya majeruhi ilikuwapo tayari.

Tuzo ya kemia ya mwaka huo ilimwendea Artturi Virtanen wa Ufini. Kazi yake itafahamika upesi kwa kila mfugaji. Nchini kwao baridi ni ya miezi mingi na majani hayaoti. Na majani mabichi yakiwekwa akiba huoza na kupoteza nguvu zake. Virtanen aligundua kwamba yakinyunyiziwa asidi iliyozimuliwa kwa kipimo chake, hayaozi, na ng'ombe hupata lishe njema hata wakati wa theluji. Maziwa ya mtoto wakati wa baridi kali yalitoka katika elimu hiyo. Tuzo ya fizikia alipewa Wolfgang Pauli, mzaliwa wa Vienna, kwa kanuni aliyoitoa mwaka wa 1925 juu ya jinsi chembe ndogo ziitwazo elektroni zinavyokaa ndani ya atomu.

Katika fasihi alichaguliwa mwalimu wa shule. Jina lake la kuzaliwa ni Lucila Godoy Alcayaga, lakini ulimwengu unamjua kwa jina la Gabriela Mistral. Alizaliwa mwaka wa 1889 katika bonde la Elqui, nchini Chile. Baba yake aliwaacha yeye akiwa na umri wa miaka mitatu. Alianza kusaidia kufundisha akali msichana wa miaka kumi na mitano hivi, na kwa miaka mingi alifundisha katika shule za mikoani, akitunga mashairi juu ya huzuni, juu ya akina mama na juu ya watoto. Mwaka wa 1922 serikali ya Meksiko ilimwita aisaidie kutengeneza shule zake. Yeye ndiye mtu wa kwanza wa Amerika ya Kusini kupewa tuzo ya fasihi. Alipokufa mwaka wa 1957, wasia wake uliwaachia watoto maskini wa kijiji alichokulia fedha za vitabu vyake vilivyouzwa Amerika ya Kusini.

Tuzo ya amani alipewa Cordell Hull, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani tangu mwaka wa 1933 hata 1944, kwa kazi yake ya kuuandalia njia Umoja wa Mataifa, ambao Hati yake ilitiwa sahihi mjini San Francisco tarehe 26 Juni 1945. Siku hiyo hiyo ya Desemba tuzo ya amani ya mwaka wa 1944, iliyokuwa imewekwa, ilitolewa kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyopeleka barua na chakula kwa mateka wa vita.

Sasa nafika kwenye jambo zito. Tuzo ya kemia ya mwaka wa 1944 nayo ilikuwa imewekwa, ikatangazwa Novemba 1945. Aliyepewa ni Otto Hahn, Mjerumani. Mwezi wa Desemba 1938, mjini Berlin, yeye na Fritz Strassmann walitambua kwamba atomu ya urani yaweza kupasuliwa. Aliyeeleza maana ya jambo hilo, pamoja na mpwa wake Otto Frisch, ni mwanamke, Lise Meitner, aliyefanya kazi na Hahn kwa miaka thelathini, kisha akalazimika kukimbia Ujerumani kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Tuzo haikumtaja. Hahn alipotangazwa alikuwa kizuizini Uingereza pamoja na wataalamu wengine tisa wa Ujerumani, akapata habari kwa kusoma gazeti. Humo humo kizuizini ndimo aliposikia, mwezi wa Agosti, kwamba mji wa Hiroshima umeteketezwa kwa bomu lililotokana na elimu ya kupasua atomu.

Basi tazameni. Mwaka mmoja, meza moja ya heshima. Huku ukungu uponyao majeraha, huku atomu iliyoteketeza mji. Tuzo yaweza kuisifu elimu, lakini haiwezi kuilinda. Kulinda ni kazi ya waitumiao.

Na tusidhani kwamba hatari iko katika bomu peke yake. Tarehe 11 Desemba 1945, siku moja baada ya kupokea tuzo, Fleming alitoa hotuba yake mjini Stockholm. Badala ya kujisifu alionya. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo, ajinunuliaye penisilini na kutumia kidogo, isitoshe kuviua vijidudu, bali itoshe kuvifundisha namna ya kuishinda dawa. Kisha humwambukiza mkewe. Naye akitibiwa kwa dawa ile ile, haimsaidii, hufa. Onyo hilo limetimia. Leo mna vijidudu vingi duniani ambavyo dawa za namna hiyo haziviwezi tena.

Mimi ni mwalimu, na neno hilo la kufundisha halinitoki moyoni. Elimu iliyotafutwa kwa miaka mingi, ikaheshimiwa mbele ya mfalme, yaweza kuharibiwa nyumbani na mtu aachaye dawa siku ya tatu kwa kuwa amesikia nafuu. Kwa hiyo, msikilizaji, ukipewa dawa na mganga wa hospitali, imalize kama ulivyoagizwa, wala usimgawie jirani iliyosalia.