Wavu na Kibali

Katika filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, kuna mti uliojaa tumbili kama mwembe wakati wa msimu. Pockets, aliyekuwa dereva wa teksi na sasa ni fundi wa kambi ya wakamata wanyama, ametengeneza roketi ya kurusha wavu juu ya mti huo. Roketi inapaa, wavu unatanda na kuufunika mti mzima, na tumbili kwa mamia wanabaki ndani wakipiga kelele. Pockets mwenyewe haoni kitu. Saa ya kufyatua alikuwa amefumba macho.

Nyumbani kwa filamu hiyo ni Momella. Ukishatoka Usa River unaiacha barabara kuu ya Arusha na Moshi, unapanda kaskazini hadi Ngurdoto, kisha unaendelea mpaka maziwa yanapoonekana, Mlima Meru ukiwa kushoto na Kilimanjaro kwa mbali kulia. Huko ndiko ilikofikia kilele kazi ambayo leo haina leseni: kukamata mnyama akiwa hai, kwa kamba, kitanzi na wavu, na kumuuza ng'ambo.

Wavu ulikuwa umeshaingia kwenye makaratasi ya wakubwa muda mrefu kabla ya John Wayne, nyota wa filamu hiyo, kuuona Mlima Meru. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji kwa koloni lake la Afrika Mashariki, na kuanzia hapo mwenye kuwinda akatakiwa awe na kibali. Mei 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London na kusaini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Ndani yake waliahidi kuzuia, kadiri iwezekanavyo, matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea. Silaha hizo zilikuwa za mwanakijiji. Bunduki iliwekewa leseni, nayo leseni ilikuwa ya mwenye fedha. Tena mkataba uliacha mlango wazi kwa wanaokusanya wanyama wa makumbusho na bustani za wanyama. Haukuridhiwa na wote waliousaini, lakini fikra yake ilibaki: wavu ni ujangili au ni biashara, kutegemea uko mikononi mwa nani.

Na bustani zilikuwa na njaa. Carl Hagenbeck alifungua yake nje kidogo ya Hamburg mwaka 1907, wanyama wakitenganishwa na watazamaji kwa handaki badala ya vyuma, na miji mingine ikaiga. Twiga na pundamilia walitakiwa wazima.

Mwaka huohuo wa 1907 Margarete Trappe, Mjerumani, alifika na mumewe kwenye miteremko ya Meru. Alikuja kujulikana kama mwindaji hodari wa bunduki, akafia Momella mwaka 1957. Habari zake zimeandikwa sana Ulaya. Zilizoandikwa kidogo ni za majirani zake wa Engare Nanyuki, kaskazini ya Momella, ambako Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao elfu tatu ili kupisha ranchi za walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York kuishtaki serikali hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo kamera za Howard Hawks, mwongozaji wa Hatari!, zilipowasili mwishoni mwa 1960 kutafuta nyika ya kukimbizia faru, sehemu hizi hazikuwa nyika tupu hata kidogo.

Hata hivyo, kwa habari ya ufundi, filamu ile ni ya kweli kuliko nyingi. Mshauri wake alikuwa Willy de Beer, mkamata wanyama wa Arusha. Gari linamkimbilia mnyama ubavuni, mtu ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele, mkononi ana fimbo ndefu yenye kitanzi. Akishamvisha shingoni, wenzake wanaruka chini na kamba za miguu. Waigizaji walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo wenyewe. Jambo ambalo filamu haikulionyesha ni hesabu ya hasara: mnyama aliyekimbizwa mno misuli yake huharibika, na anaweza kufa baada ya saa au siku kadhaa akiwa tayari kwenye kreti. Miaka hiyohiyo Antonie Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alikuwa anajaribu sindano za usingizi zinazorushwa kwa bunduki. Sindano hizo ndizo zilizokistaafisha kile kiti cha mbele ya gari.

Mmoja wa waigizaji, Hardy Krüger, alipapenda, akanunua shamba Momella na kuishi hapo hadi miaka ya 1970. Mipaka nayo ilikuwa inasogea. Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto ilitangazwa mwaka 1960, na mwaka 1967, mlima ulipoongezwa, ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Biashara haikufa, ilipungua umbo tu. Badala ya faru wakaja ndege, na hapo wavu ukarudi kuwa chombo kikuu: unatandikwa karibu na maji alfajiri, ndege wanaposhuka kunywa. Kasuku wadogo wa Fischer, wenye asili ya kaskazini mwa Tanzania, ndio walioongoza katika biashara ya kasuku wa porini duniani mwaka 1987. Kisha wanunuzi wakafunga milango, Marekani kwa sheria ya 1992 na Umoja wa Ulaya moja kwa moja mwaka 2007. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 nayo inataja wavu, mtego, mbwa na hata gari miongoni mwa njia zisizoruhusiwa kuwindia bila idhini. Gari! Kambi nzima ya Hatari! ingelala rumande.

Zilizobaki ni habari za Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, mwendo mfupi kutoka Usa River. Novemba 2010 ndege ya jeshi la Qatar iliondoka hapo na wanyama na ndege zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga wanne. Twiga si wa kufichwa kwenye begi, na Watanzania waliuliza ilikuwaje asionekane getini. Mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu raia mmoja wa Pakistani miaka 60 jela, yeye akiwa hayupo. Machi 2016 walizuiwa uwanjani hapo tumbili 61 waliokuwa wakipelekwa Albania, na miezi miwili baadaye waziri Jumanne Maghembe akapiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai kwa miaka mitatu. Marufuku ilipita muda huo. Mwanzoni mwa Juni 2022 wafanyabiashara walitangaziwa miezi sita ya kusafirisha wanyama waliosalia mabandani. Kabla hata wino haujakauka, waziri Pindi Chana akasitisha ruhusa hiyo.

Tumbili hawakungoja uamuzi. Katika mashamba yanayopakana na hifadhi wanashuka asubuhi kutafuta mahindi na ndizi mbivu, na mwenye shamba anapiga debe. Mbwa anabweka, tumbili wanapanda mtini, wanakaa juu wakimtazama.