Pikipiki ya Mwalimu: M20 au M21?

Wenzangu mliosoma hapa mtaikumbuka pikipiki ya mwalimu wetu wa hesabu, iliyolala ghalani miaka mingi. Sisi tulidai ni ya vita, wengine walicheka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha itolea bei.

Chapa ya BSA kwenye tangi haikutosha, maana tangi huhamishwa. Kiwanda hicho cha Birmingham kiliunda M20 zipatazo 126,000 kwa ajili ya majeshi katika vita vya 1939–45. Ndugu yake, M21, hufanana nayo mno. Silinda zote mbili zina kipenyo cha milimita 82, lakini pistoni ya M20 husafiri milimita 94, na ya M21 milimita 112. Ndiyo maana ya kwanza ina sentimita za ujazo 496, na ya pili 591.

Tukasugua ubavu wa injini kwa mafuta ya taa na kitambaa (vijana, msitumie tindo!). Ikatokea WM20, alama ya injini za jeshi za wakati ule. Fremu nayo WM20, ila tarakimu zake mbali; BSA haikuzilinganisha.

Mnunuzi alirudi na gari tupu.