Jinsi Nchi ya Toulouse Ilivyopotea kwa Ndoa

Wasikilizaji, hapo zamani upande wa kusini wa Ufaransa palikuwa na jimbo kubwa liitwalo Toulouse. Wakuu wake walimtii Mfalme wa Ufaransa kwa jina tu. Kwa kweli walijitawala, na wengi wao waliitwa Raymond, hata waandishi wa tarehe wakalazimika kuwahesabu.

Katika zama za Raymond wa sita, watu wengi wa nchi ile walifuata mafundisho yaliyokatazwa na Kanisa la Rumi, naye hakutaka kuwatesa. Mwaka wa 1209 jeshi la vita vya msalaba likaishukia nchi, na mkuu wa jeshi lile, Simon de Montfort, hatimaye akajitwalia jimbo. Lakini wenyeji hawakumkubali. Mwaka wa 1217 walimpokea tena bwana wao wa asili, na Simon alipouzingira mji, jiwe lililorushwa kwa mtambo lilimpiga kichwani akafa. Husimuliwa kwamba walioutumia mtambo ule ni wanawake.

Basi upanga haukutosha. Raymond wa saba alirithi mwaka wa 1222, lakini vita vilizidi, nchi ikaharibiwa, hata mwaka wa 1229 akaenda Paris kutaka amani. Aliyetawala huko ni Blanche, mama wa mfalme kijana Louis wa tisa. Mama zao Blanche na Raymond walikuwa ndugu, tumbo moja. Lakini udugu huo haukupunguza masharti. Raymond alikuwa na mtoto mmoja tu, Jeanne, binti wa miaka tisa. Ikaandikwa kwamba ataolewa na Alphonse, nduguye Mfalme, na Toulouse itakuwa yao baada ya Raymond. Wasipopata mtoto, itakuwa ya Mfalme. Kwetu mume ndiye atoaye mahari. Huko bibi arusi alikwenda na nchi nzima.

Binti akachukuliwa kulelewa kwa watu wa Mfalme. Raymond alimwacha mkewe akitafuta mwana wa kiume, akaoa tena, na ndoa hiyo nayo ikavunjwa. Alikufa mwaka wa 1249 bila ya mwana, akazikwa Fontevraud, alikozikwa mama yake.

Jeanne na Alphonse hawakuzaa. Mwaka wa 1271, wakirudi kutoka vita vya msalaba, walifariki huko Italia, mke akimfuata mume baada ya siku chache. Mwaka ule ule watumishi wa Mfalme Philip wa tatu waliingia Toulouse wakawaapisha watu wake.