Mafuta Yaliyomo katika Maziwa ya Mama

Somo letu la leo ni historia ya jambo lililo karibu sana nasi: mafuta yaliyomo katika maziwa ya mama.

Zamani wataalamu walidhani mafuta ni kuni za mwili tu. Mwaka 1929, huko Minnesota, Marekani, George Burr na mkewe Mildred waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta. Panya wakadumaa, ngozi zikaharibika, wakafa mapema. Mwaka 1930 wakaeleza kwamba dawa yake ni asidi ya linoleiki. Mafuta yote hujengwa kwa asidi kama hizi, na hii mwili hauwezi kuitengeneza. Sharti itoke katika chakula.

Je, mtoto mchanga naye? Mwaka 1963, huko Texas, Daktari Arild Hansen na wenzake walitangaza uchunguzi wa watoto 428 waliolishwa maziwa ya namna mbalimbali. Waliokosa asidi hiyo ngozi zao zilikauka.

Maziwa ya mama yana asidi hiyo. Mama huipata wapi? Jibu lilikwisha kupatikana New York mwaka 1959. Mama anyonyeshaye alipokula mafuta ya mahindi, mafuta ya maziwa yake yalifanana na ya mahindi. Alipopewa chakula pungufu, yalifanana na mafuta ya mwili wake mwenyewe. Maana yake, akiba ya mwili ilikuwa ikitolewa ili mtoto anyonye.

Huku Tanzania nako, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba akina mama wa Ziwa Kitangiri, waliokula samaki kwa wingi, walikuwa na maziwa yenye wingi wa mafuta yanayojenga ubongo na macho ya mtoto.

Basi tufahamu vema. Chakula hubadili zaidi namna ya mafuta kuliko wingi wake. Mama mwenye chakula haba asiambiwe aache kunyonyesha kwa kuwa maziwa yake hayafai. Yanafaa, ila yeye ndiye anayelipa deni. Samaki akiletwa nyumbani, fungu la mama anyonyeshaye lisiwe mchuzi mtupu.

Maswali ya darasa:
1. Panya wa mwaka 1929 walipatwa na nini?
2. Mama akila chakula pungufu, mafuta ya maziwa hutoka wapi?
3. Nyumbani kwenu, nani hupewa chakula kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.